Barua ya Siri kwa Mize

Jumatatu, 1 Juni 1970
Leo ndiyo leo! Ijumaa mshenga wangu, Mzee Mwinyijuma, anakwenda Saadani kumposa Mize. Lazima Mize ajue siku, amzuie babake asitoke nyumbani. Posta huchukua wiki mbili (mimi ndiye karani, najua). Lori la kwenda huko ni moja tu, la Salumu, naye anamtaka Mize huyo huyo!

Hainibabaishi. Atabeba barua asiyoweza kuisoma. Kila herufi naigeuza alama tano, duara na misalaba, kama tulivyofundishwa kwenye kozi ya simu za maandishi. Chini yake napanga neno la siri, PWEZA, nalo kwa alama zake, tena na tena. Alama zikifanana, naandika duara. Zikitofautiana, msalaba. Mize akirudia kazi ile ile kwa PWEZA, maneno yanarudi. Ufunguo mmoja, kufunga na kufungua! Nilimfundisha wakati wa likizo.

Jumanne, 2 Juni
Nimemkabidhi Salumu. Kauliza kama ni mshono wa kofia. Nikamweleza kanuni yote, hata jedwali la alama nikampa, ili aumie vizuri. Bila neno la siri hafiki popote. Maskini!

Ijumaa, 5 Juni
Balaa! Mzee Mwinyijuma kakuta nyumba haina baba. Salumu kampakia baba huyo kwenye lori alfajiri, kampeleka Lugoba kutazama mbuzi! Na Jumatatu anatuma washenga wake.

Mize kaniletea barua kwa mkono wa mzee. Anasema Salumu kajisifu mbele yake: barua zote za pwani huanza “Assalaam aleikum, ama baada ya salamu”. Kayapanga maneno hayo chini ya misalaba yangu, kwa kanuni ile ile, ikatoka PWEZA PWEZA PWEZA. Mize ananitaka mimi, ila ananisihi: nibadili ufunguo, nitaje siku tu, nisisalimu. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 6 Juni
Nimelijua kosa. Neno lilikuwa fupi! Kuacha salamu siwezi, mimi si mnyama. Basi nimepata ufunguo mrefu, ambao Mize anaujua kwa ghibu: salamu zenyewe! Mzee anakwenda kesho. Nilipoanza kufunga, ajabu, mistari mitatu ya kwanza ikatoka duara tupu. Hakuna msalaba hata mmoja! Salumu atasoma nini hapo?

Nimemkabidhi saa mbili asubuhi. Saa saba karudi, kaniuliza kwa adabu kama Mzee Mwinyijuma atapenda lifti ya kesho.

Kabahatisha tu.