Nilivyowaletea Furaha Wachambuaji wa Kahawa

Jumatatu, 4 Machi 1974
Bwana Mathenge, meneja wa kiwanda chetu, ameniita. Ati wanawake sita wa kuchambua kahawa wameacha kazi tangu Krismasi, na Ijumaa mkurugenzi anatoka Nairobi kuja kuuliza sababu. Mimi ndiye karani wa wafanyakazi, basi nitafute dawa. Dawa ninayo: fomu! Nimewapigia taipu waliobaki maswali arobaini. Nasikia afisa mkuu wa wafanyakazi huko Nairobi anastaafu Juni. Si kwamba nakitamani cheo chake.

Jumanne, 5 Machi
Fomu zimerudi. Waithira, mdogo kuliko wote kwa umri, aliwajazia wasiojua kusoma. Wote wanataka kitu kimoja: viti. Wanachambua wakiwa wamesimama tangu asubuhi hadi saa kumi. Maswali arobaini, jibu moja. Uvivu wa kufikiri! Wahome, karani wa stoo, akasema ana masanduku matupu wanayoweza kukalia. Yeye ashughulike na misumari yake. Wanawake hawa hawahitaji viti. Wanahitaji heshima. Nitatoa cheti cha Mfanyakazi Bora.

Jumatano, 6 Machi
Cheti amepata Mama Watiri, hodari kuliko wote, miaka kumi na moja hapa. Nilikipamba kwa wino mwekundu. Akasimama mbele ya wenzake, akapigiwa makofi. Kisha akaniomba ruhusa ya kesho. Miguu imemvimba, daktari wa Othaya anataka kumwona. Nikamweleza kwa upole kwamba Mfanyakazi Bora hawezi kukosa kazi kesho yake tu. Watu watasemaje? Alinitazama kwa muda mrefu. Shukrani, bila shaka.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Watiri ameanguka penye meza ya kahawa. Wahome akampeleka hospitali kwa pikapu ya stoo, bila kibali! Nimemwandikia barua ya onyo. Wanawake wote wakatoka nje, wakaketi kwenye nyasi. Nikawakumbusha kwamba bado ni saa za kazi. Waithira akanijibu polepole, "Karani, leo tumejipatia viti."
Hana adabu yule.

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi akakuta meza tupu. Hakuisoma ripoti yangu ya kurasa kumi na nne. Alikwenda akaketi nyasini na suti yake, akawasikiliza. Kufikia mchana masanduku yalikuwa ndani, wanawake wamekaa, na Mama Watiri amepewa likizo ya wiki mbili yenye mshahara. Wahome sasa ndiye karani wa wafanyakazi. Mimi nimepelekwa stoo. Mtu akiwa na kipaji, hutumwa kwenye shida kubwa zaidi.

Jumatatu, 11 Machi
Stoo ina wapagazi wanne, wote wamenuna. Wanasema mvua inawanyeshea wakipakia lori, wanaomba makoti. Makoti! Nimewaelewa vizuri kuliko wanavyojielewa. Wanakosa umoja. Nimewatungia wimbo wa kiwanda, beti tisa. Mazoezi ni kila siku saa ya chakula, nje uani, ambako sauti inasikika vizuri.