Ukuta wa Kisimani Umekarabatiwa

Jumatatu, 2 Juni

Balaa. Dada Tusajigwe, mwenye banda la gemu hapa Ngonga, karudi kutoka Mbeya na gemu ya Ngome ya Chui. Ile ile tuliyo nayo, ila imetengenezwa upya. Miaka tisa nasimamia banda lake kwa sababu kwenye ile ya zamani hakuna wa kunishinda. Watu wananiita Mwalimu! Siri yangu ni moja tu. Kwenye kona ya kisima, ukimsukumiza askari wako ukutani mara tatu, anapenya na kutokea chumba cha hazina. Waliotengeneza walikosea. Chui mwenyewe, anayelinda hazina, sijawahi kupigana naye.

Sasa Dada anasema Jumamosi tushindane kwenye toleo jipya, na atakayeshinda ndiye atakayesimamia banda. Nikamjibu hakuna shida.

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua banda alfajiri ili nijifunze peke yangu. Picha nzuri mno. Askari anatoka jasho, majani yanatikisika. Lakini zamani ulikuwa unaanza kwa kukimbia. Sasa mama yake askari anakuaga kwanza, dakika nne nzima, na huwezi kumkatisha. Mlinzi aliyekuwa analala getini siku hizi yuko macho. Na ana mbwa!

Nikafika kisimani. Nikasukuma ukuta mara tatu. Kisha mara thelathini. Wameukarabati. Nani aliwatuma?

Jumatano, 4 Juni

Lucy kaja kujaribu. Huyu ni mke wa Dickson fundi baiskeli, anauza vitumbua hapo mlangoni. Kumbe kwao Tukuyu alikuwa anacheza na kaka zake. Kamaliza hatua tatu kabla mafuta yake hayajapata moto. Vijana wakapiga makofi, kwenye banda langu!

Nikawatangazia kwamba toleo jipya ni la kitoto, maana lina ramani. Lucy akasema kwa upole kwamba na mimi ningeitazama hiyo ramani, ingenisaidia. Nikamwambia ramani ni za wageni. Jioni sikula.

Alhamisi, 5 Juni

Wazo! Limenijia nikiwa napiga mswaki.

Lucy ana baba mkwe, Mzee Ambilikile. Na kwetu mkamwana anayeshika adabu za zamani hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, wala hamtazami. Lucy anazishika hasa. Akimwona mzee njiani, anaingia kwenye migomba.

Nikamfuata mzee nyumbani, anaanika mpunga kwenye turubai. Nikainama, nikamsalimu vizuri, nikamwomba awe mgeni rasmi Jumamosi. Hajawahi kuwa mgeni rasmi wa kitu chochote. Akanishika mkono muda mrefu akisema ndaga fijo, ndaga fijo, asante sana mwanangu. Akauliza kama kutakuwa na hotuba. Nikasema zitakuwa mbili.

Nimekula sahani mbili za wali.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Banda lilijaa. Mzee akaingia na koti la kanisani. Lucy alipomwona tu, akajifunika kanga usoni na kutokea mlango wa nyuma. Nikatangaza kwamba mshindani ameondoka kwa hiari yake.

Mzee akauliza aliyetoka ni nani. Akaambiwa ni mkamwana wake, na kwamba alikuwa acheze. Akamtuma Dickson nyumbani.

"Lete lile turubai la mpunga," alisema. "Lifungwe hapa katikati. Mimi nitakaa upande huu, mwanangu acheze upande ule. Wewe Hezroni utanisimulia."

Likafungwa, bado lina makapi. Lucy akarudi kwa upande wa televisheni. Nikawa nasimulia kwa sauti kwamba anasuasua, amepotea, amechoka. Huku watu wanashangilia! Mzee akauliza mbona anayesuasua anapigiwa makofi. Nikasema ni kumtia moyo. Hapo hapo Lucy akamuua chui.

Zamu yangu. Mzee akakumbusha kwamba niendelee kusimulia. Nikakimbilia kisimani, maana kwingine sipajui. Nikasema sasa nasukuma ukuta, mzee. Nikasema bado nasukuma. Nikasema amekuja mbwa.

"Hezroni," mzee akauliza nyuma ya turubai, "kwani mlango hakuna?"

Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Aibu niliyoisikia siwezi kuiandika. Dada Tusajigwe akanyoosha mkono, nikampa funguo, naye akampa Lucy. Mzee akatoa hotuba zote mbili.

Jumatatu, 9 Juni

Lucy amekalia kiti changu. Asubuhi kanikaribisha kwa heshima, kasema atanifundisha toleo jipya polepole, na nikilijua tutasimamia kwa zamu. Nikakataa. Mwalimu hafundishwi. Tena ni siku moja tu ile, mbwa alinishtua.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mzee Ambilikile. Nimemweleza kwamba banda halina maana bila mgeni rasmi, kwa hiyo aje kila siku, kuanzia tunapofungua mpaka tunapofunga. Lucy atavumilia wiki moja nyuma ya turubai, labda mbili. Kisha atachoka mwenyewe.

Mzee amefurahi mno. Amekubali, kwa sharti moja tu: kila Lucy akicheza, nikae pembeni ya kiti chake, nitazame kila anachobonyeza, nimsimulie mzee yote, na safari hii nisiruke kitu.

Nimekubali papo hapo. Maskini Lucy, hajui kinachomjia!