Mama Mkwe Ahamie Hatherwick

Jumamosi, 6 Juni

Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili. Leo ametimiza mwezi wa kumi na nne. Chumba cha nyuma, kilichokuwa changu, cha ramani zangu na kiti changu, sasa ni chake na redio yake. Ramani ziko bafuni, zinajikunja kwa mvuke. Shemeji yangu Gerald, mtoto wake wa kumzaa, ana vyumba vitatu vitupu. Anasema vina unyevu. Vyote vitatu!

Nataka chumba changu. Sitaki kingine duniani.

Nimepata dawa: Hatherwick. Mji mdogo wa kale, nusu saa kwa gari. Nyuma ya kanisa kuna kijumba cha kupanga, mlango wa bluu, mawaridi dirishani. Tutampeleka matembezi ya jioni, kama bahati tu. Ataona. Atapenda. Atahama. Hatajua kasukumwa.

Jumatatu, 8 Juni

Nimekwenda Hatherwick kukagua. Mara ya tatu. Saa sita mchana, kimya kabisa. Njiwa wawili, na mzee kasinzia kwenye benchi. Kimya ni muhimu: mama mkwe hapendi kelele. Nikikoroga chai anagonga ukuta.

Nimechagua Jumatano, siku ambayo Gerald hachezi gofu, aje ashuhudie ushindi wangu. Nimemwambia mke wangu, Rosalind, kwamba nataka tu mama apunge hewa.  Ameniuliza nimevunja nini.

Alhamisi, 11 Juni

Jana sikuweza kuandika. Mikono.

Tulianza vizuri. Jua la jioni ukutani, samaki na chipsi kwenye benchi ya uwanja wa soko. Mama mkwe akasifu siki yao. Kwetu hajawahi kusifu kitu. Gerald akalalamika kwamba mawe ya barabara yanamharibia viatu. Raha tupu. Saa moja na nusu tukafika nyuma ya kanisa, nikamgeuza mama taratibu atazame kile kijumba. Nikamwambia asikilize utulivu ulioje.

Kengele nne zikaanza kulia. Juu ya vichwa vyetu.

Kumbe Jumatano ni mazoezi ya wapiga kengele. Saa moja na nusu hadi saa tatu, kila wiki, tangu enzi za mababu zao. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Mara zote tatu nililiegemea.

Gerald alicheka mpaka chipsi zikamwagika. "Utulivu ulioje, shem!" Binti yangu Tamsin akasema, "Pole, baba. Pole kweli," huku akinirekodi kwa simu.

Nikamtafuta mama mkwe nimwombe radhi. Hayupo! Mkoba kamwachia Rosalind, mkongojo kauacha chini, yeye anapanda ngazi za mnara, na miaka yake sabini na tisa.

Kumbe alipiga kengele miaka kumi na moja kabla ya kuolewa. Ipo picha yake chumbani, kashika kamba. Niliitundika mwenyewe kwa nyundo yangu. Nilidhani anaanika nguo.

Mkuu wa wapiga kengele, Bi Hester, akasema wamepungukiwa watu wawili. Mama mkwe akajibu, "Mmoja ni mimi. Wa pili mchukue huyu mkwe wangu, ana mikono mirefu na haina kazi." Nikavuta kamba. Kamba ikanivuta mimi. Walinishusha watu watatu.

Jumapili, 14 Juni

Nilijua kwamba sasa atahama. Kijumba kiko hatua ishirini kutoka mnarani! Nikaligusia wakati wa chakula cha mchana.

Akaweka uma chini. Macho yamemlowa. Akasema marehemu mumewe, miaka arobaini na tatu ya ndoa, hakuwahi kumuuliza habari za kengele. Gerald hajauliza hata leo. "Wewe ndiye uliyenitafutia kengele. Rosalind kaniambia ulikwenda mara tatu kukagua. Mtu akipata mkwe kama wewe ahamie wapi tena, mwanangu?" Akanishika mkono, ule wenye malengelenge. Rosalind aliitazama sahani yake kwa makini mno.

Niliona aibu. Kweli kabisa. Nikasema huku ni kwako, Mama. Hali hiyo ilidumu hadi tulipoletewa pudini.

Kisha akaomba na kabati la ukumbini. Na nimpeleke mazoezini kila Jumatano.

Jumanne, 16 Juni

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni la kanisa.

Nimepata mji mwingine, Saltersby, kando ya bahari. Kanisa lao liliungua zamani na halikujengwa tena. Kuna kijumba cha kupanga, mlango wa kijani, mkabala na bustani. Leo saa sita mchana nimekwenda kukagua. Kimya kabisa. Bustanini kuna kibanda cha duara, viti ishirini vimepangwa vizuri, na ngoma moja kubwa imefunikwa turubai. Nguzoni pana tangazo refu. Sikulisoma, nilikuwa na haraka.

Tunampeleka Ijumaa jioni. Gerald nimemwalika.