Mguu wa Kijana wa Miaka Ishirini

Jumatatu, 4 Machi
Mpangaji wa chumba cha chini amehama. Chumba kina dirisha kubwa la barabarani. Ukikaa pale, hakuna atakayepita bila kukusalimia. Na mimi ni mtu wa kusalimiwa. Kinyozi niliyeshika vichwa vya wakubwa, napandishwa ngazi kila siku kama mbuzi, na kidole gumba cha mguu wa kulia kinawaka moto.

Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Naye mguu unamsumbua, naye anakitaka chumba. Hasemi. Anachechemea tu mbele ya mama yake, taratibu, kwa adabu. Mjanja sana yule.

Mama mkwe ndiye mwenye nyumba. Kaamua twende wote tukapigwe eksirei, mguu uliochakaa zaidi ndio utakaoshuka chini. Nikamwambia mama, umesema la maana. Moyoni nimeshahamisha kitanda.

Jumanne, 5 Machi
Nimetangulia hospitali kupeleleza. Nje ya chumba cha eksirei wamebandika picha mbili za miguu, mmoja mzima, mwingine wa mgonjwa wa kusagika viungo. Chini kuna maelezo marefu. Nimeyaruka, macho ninayo. Kwenye picha moja mifupa imekaribiana, imeshikana kama ndugu wanaopendana. Kwenye nyingine kuna mwanya kila kiungo, mifupa imepeana talaka. Iliyoachana ndiyo mbovu. Hapo shule ya nini?

Nikamuuliza yule dada anayepiga picha kwa nini watu wanasimamishwa badala ya kulazwa. Kasema wakisimama, uzito wa mwili unabana viungo. Eti mtu akilala, mwanya unaonekana mkubwa. Nikamshukuru sana. Hajui alichonipa. Kesho mwili wangu haubani kitu.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kaanza. Kasimama kama mlingoti, kakanyaga kwa uzito wote, bila hata kuguna. Nikamwonea huruma. Kujiangusha mwenyewe namna ile.

Zamu yangu. Dada wa eksirei kaniambia mzee, vua viatu, panda hapa, egemea mguu wa kulia, usitikisike. Hilo la mzee nimelisamehe. Kulikuwa na chuma cha kushikia. Alipoingia nyuma ya kioo chake nikakikamata kwa mikono miwili, nikajinyanyua. Unyayo ulikuwa unagusa tu, kwa heshima. Jasho likanitoka hadi kwenye nyusi, lakini kidole kilipumzika kama kiko likizo.

Nikarudi nyumbani na kupima dirisha kwa macho. Pazia la kijani litakaa vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Kwa daktari, mimi, shemeji na mama mkwe. Daktari kaweka picha ya shemeji kwenye taa. Kasema tazameni, hapa katikati ya mifupa huwa pana gegedu, kama godoro. Limelika lote, mifupa inasuguana. Nikaangalia. Imeshikana kama ndugu wanaopendana. Kumbe hiyo ndiyo mbovu.

Akaweka ya kwangu. Akamwita muuguzi aje aone. Akasema mguu huu ni wa kijana wa miaka ishirini, hajui mwenye nao kautunzaje.

Hapo ndipo ningesema daktari, unauma, hata kulala silali. Chumba kilikuwa bado kinaning'inia. Lakini muuguzi ananiangalia, daktari ananiangalia, mama mkwe mdomo wazi. Nikasikia sauti yangu inasema kwamba kwenye ukoo wetu watu hawachakai.

Mama mkwe kasema basi imekwisha. Chumba ni cha shemeji.

Jumamosi, 9 Machi
Mwenye mguu wa miaka ishirini ndiye anayebeba. Hiyo ni hukumu ya mama mkwe. Nimeshusha kitanda, kabati, meza ya kukatia na cherehani la chuma, lile la kukanyaga. Shemeji alikuwa nyuma yangu akiniomba radhi ngazi hadi ngazi. Nikamwambia usijali shemeji, kwangu haya ni mazoezi. Mama mkwe anawaambia majirani, mnaona mkwe wangu? Chuma. Nikaongeza mwendo.

Jumanne, 12 Machi
Kidole kimevimba kama limau. Mke wangu kanirudisha hospitali, kimyakimya. Dada wa eksirei kanikumbuka. Kasema ile picha ilimshangaza, mzee wa kuchechemea na mguu wa mtoto. Leo kanisimamisha mikono kifuani, mke wangu kavalishwa aproni nzito ya kuzuia mionzi akae kando anichunge. Nikakanyaga. Nikaona nyota.

Picha imetoka. Mwanya hakuna. Nimemzidi hata shemeji. Daktari kanipa dawa na kuniambia niachane na viatu vyangu vya ncha. Mke wangu kacheka njia nzima, kisha kaniuliza, utampelekea mama? Chumba si ni chako kwa haki.

Nikashuka na bahasha ya picha. Shemeji alikuwa dirishani anashona, mlango wazi, anapiga mluzi. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja sikujua kama anaweza kupiga mluzi. Kaniona, kanivutia kiti. Kasema kiti hiki nimekuwekea wewe, shemeji, kaa kila ukitoka kazini.

Nimekaa. Watu wanne wamenisalimia kabla sijamaliza chai. Bahasha nimeikalia. Baadaye nimeiingiza chini ya godoro, na mke wangu kajifanya hajaona.

Alhamisi, 14 Machi
Ile picha ya kwanza nimeitundika kwenye kioo cha kinyozini kwangu. Wateja wanauliza ni mguu wa nani. Ninajibu polepole. Mmoja kataka kujua ninapaka mafuta gani. Jioni nakaa dirishani kwa shemeji, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Yeye anadhani namuigiza ili asijisikie mgonjwa peke yake. Kasema nina utu. Sikumbishia.

Leo mama mkwe katangaza kwamba ile stoo ya chini, inayotazamana na chumba cha shemeji, inafanywa chumba. Safari hii tunapigwa eksirei ya magoti. Mimi, na mama mdogo wa mke wangu.

Mama mdogo ni mwembamba. Sasa ninajua siri yote, kiungo kinataka kubanwa. Nimeshazungumza na muuza nafaka kuhusu mawe yake ya mizani, yanaingia vizuri kwenye mifuko ya koti langu kubwa. Na kama hayatoshi, shemeji kakubali kupanda mgongoni.