Mtumiaji Wangu wa Siri

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kachanganyikiwa. Katangaza kwamba kuanzia sasa kila programu itajaribiwa na watumiaji kabla haijatoka. Watu wa kweli, kasema, si sisi wenyewe. Wa kwanza kutiwa kikaangoni ni mimi, na programu yangu ya simu ya kuweka miadi kwa daktari wa meno. Majaribio ni Jumatatu ijayo. Watu wakishindwa kuitumia, uongozi wa mradi unakwenda kwa Bi Kalamu. Huyu ni msanifu wetu mpya, anachora skrini kwenye karatasi na kubandika vikaratasi vya rangi ukutani. Wazo lote ni lake. Kanitabasamia. Nami nikatabasamu, meno yote nje, roho inaungua.

Jumanne, 4 Machi
Dawa yake nimeipata! Bi Kalamu ataleta watu wake, nami nimeruhusiwa kuleta mmoja, mradi awe haijui programu. Nitamleta shangazi. Nitamfundisha kwa siri mpaka aote vitufe. Siku ya siku atajifanya hanijui.

Jumatano, 5 Machi
Somo la kwanza, sebuleni kwa shangazi. Balaa tupu. Nimemwambia aingie. Kauliza aingie wapi. Nikamwonyesha kitufe, kasema alidhani ni pambo. Halafu programu ikamdai nambari ya huduma, maana kila tiba nimeipa yake. Kasema mtu jino linamuuma, hizo nambari atazitoa wapi? Nimeeleza mpaka sauti imekauka. Mwisho kaniambia kwa upole kwamba ananipenda kama mwanawe wa kumzaa, lakini kitu hiki nilikitengeneza nikiwa nimegombana na mtu.

Nimerudi ofisini, nimeondoa nambari. Mahali pake nimeandika "Jino linauma". Si kwamba shangazi yuko sahihi. Naokoa koo langu tu.

Ijumaa, 7 Machi
Somo tena. Alikosea siku ya miadi, akatafuta pa kurudi, hakupaona, akaweka simu chini na kwenda kupika. Nimeongeza kitufe cha kurudi. Kasema maandishi madogo, nimeyakuza. Kila anapokwama nabadilisha kitu, maana kubadilisha programu ni rahisi kuliko kumbadilisha shangazi. Jioni kaweka miadi mwenyewe, mimi sijafungua mdomo. Mwanafunzi hodari! Ualimu ninao, sikujua tu.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi kaingia ofisini na, kabla hajaulizwa, kamwambia bosi kwamba kijana huyu hamjui kabisa, wala baba yake hamjui. Nusura nizirai. Lakini kaweka miadi huku akipiga soga. Nikashusha pumzi.

Kisha wakaja watu wa Bi Kalamu: mlinzi wa jengo la jirani na fundi cherehani mmoja. Hao sikuwafundisha. Nikafumba macho nikijua nimekwisha. Nilipofumbua, wote wawili wamemaliza, na fundi anauliza kama miadi yake ni ya kweli, kwa sababu ana jino linamsumbua.

Sielewi. Nani kawafundisha? Bila shaka Bi Kalamu, kanionea huruma. Bosi kanipa mkono, mradi unabaki kwangu. Bi Kalamu kanipongeza bila kinyongo, kauliza nimewezaje kuwaelewa watumiaji namna ile. Nimemwambia ni kipaji.

Jumanne, 11 Machi
Furaha tele. Nimepewa mradi mwingine, programu ya madereva wa malori, na bosi anataka niwaeleze wenzangu mbinu yangu. Nitababaisha. Siwezi kukiri kwamba mtumiaji usipomfundisha kichinichini atakuaibisha mbele za watu.

Bahati nzuri mjomba anaendesha lori. Nimeshampigia, kakubali, kesho napanda naye safari nzima. Mara hii sitaki presha ya dakika za mwisho. Nitaanza kudanganya mapema, kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu.