Pini ya Tatu Kutoka Kulia

Jumapili, 7 Julai 2019

Amman. Umm Nawwaf, mwenye nyumba, amepanda hadi chumba changu cha paani, magoti yakimlalamikia. Ameonya: tangi langu likifurika tena, tone moja tu likapita darini kwake, nitafute paa jingine kabla mwezi haujaisha. Jingine! Mosul niliacha nyumba, Dameski nikaacha vitabu. Sanduku liko juu ya kabati. Nalitazama, nalo linanitazama.

Maji ya mtaa huja Jumanne tu. Abu Zuhair wa ghorofa ya chini, mkaguzi wa mabasi mstaafu, huwasha pampu yake kwa mkono, na tangi lake halikosi wala halimwagiki. Mimi husinzia. Nikizinduka, limekauka au limefurika. Aibu! Mimi niliyesimamia mitambo ya simu ya mji mzima! Nina mpango.

Jumatatu, 8 Julai

Ndani ya kompyuta yangu kuukuu nimejenga ya pili isiyo na mwili, mashine pepe. Ikiharibika, nafuta, najenga nyingine. Nani ataumia? Pini zake nane, vijiti vya kupitishia amri za umeme, ni za kuwazika tu. Kazi ni kuziunganisha na pini nane halisi za kibao cha umeme kando ya tangi, pepe ikipata amri na ya kweli iitii. Ya tatu iwashe pampu. Ya sita ifungue koki ya kumwaga tangi linapooshwa.

Abu Zuhair amechungulia. Ameuliza, Mhandisi, kuna jini humo? Nimemwambia ni sayansi. Amesema hata jini hujitambulisha hivyo hivyo.

Kwenye skrini, taa ya kijani kila jaribio. Kwenye tangi sikujaribu. Akiba ya maji iliyobaki si ya kuchezea.

Jumanne, 9 Julai

Saa nne asubuhi maji yamekuja. Skrini imeandika: PAMPU INAFANYA KAZI. Nimemimina chai. Funda moja, kisha ukelele. Umm Nawwaf anamwita Mungu, halafu ananiita mimi, kwa sauti ileile. Maji yanashuka ngazi kama mgeni aliyealikwa, yamebeba majani yote ya mboga ya mulukhiya aliyokuwa ameyaanika.

Pampu kimya! Koki wazi! Nimeizima mashine pepe. Koki bado wazi. Kumbe pini halisi hushikilia amri ya mwisho. Mzuka umekufa, mkono wake ungali kwenye koki. Nimesimama na kikombe mkononi. Miji mingapi imebaki ambayo bado haijanifukuza? Abu Zuhair amepanda kwa kandambili, akachomoa waya mmoja. Basi.

Jumatano, 10 Julai

Hukumu. Sanduku nililifunga mapema, kumpunguzia mama wa watu kazi. Abu Zuhair amenitetea: huyu akiondoka, Umm Nawwaf, nani atatuchekesha? Kisha, mbele yake, ameweka kidole kwenye tarakimu 1 iliyochapwa ukingoni mwa kibao. Upande wa kushoto! Mimi nilihesabu kutoka kulia, kama ninavyosoma Kiarabu tangu utoto. Ya tatu yangu ilikuwa ya sita ya kibao.

Nitabaki, kwa sharti mtambo utoke juu ya paa lake. Nimeapa kwa mkate mkononi. Machozi yamenitoka, nikasingizia vumbi. Abu Zuhair amenipandishia ndoo mbili za maji.

Alhamisi, 11 Julai

Mtambo umetoka paani. Uko chini, kwa Abu Zuhair. Amekwenda Irbid harusini, hadi Jumatano ijayo, ameniachia ufunguo nimwashie pampu Jumanne. Kwa mkono, Mhandisi, amerudia mara tatu. Masikini, hajui ninavyotaka kumlipa wema wake!

Nimejenga mashine pepe mpya. Pini ya pampu, pini ya koki, kama mwanzo. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo kibao nimekifunga juu chini, namba zake zikining'inia kichwa chini. Nimehesabu kutoka kushoto, kama alivyonifundisha. Sikujaribu kwa maji. Maji si Jumanne? Skrini ni kijani tupu.

Nguo nimezirudisha kabatini. Sanduku liko pale juu, na leo sikulitazama hata mara moja.