Antena Upande wa Ludovick

Jumatatu, 1 Desemba 1997
Kosa la watu wengi ni kutazama urefu wa mnara na kusahau upande. Antena ikifungwa ubavuni, chuma cha mnara huizibia upande wa nyuma, kama mtu mnene aliyeketi mbele yako kanisani. Nimewaeleza wanachama wa klabu yetu ya redio mara mbili. Wamesema walielewa mara ya kwanza.

Misheni imetupa ubavu wa mnara wake, kilimani. Kileleni pana kinga ya radi. Ripita yetu itapokea sauti dhaifu ya redio ya mkononi na kuirusha mbali. Anayeihitaji hasa ni mwanachama mwenzetu Yudith, nesi wa zahanati ya Bahi. Mvua zimeanza, na kule hakuna simu.

Jumanne, 2 Desemba
Kuchagua antena. Ludovick, fundi simu mstaafu, anataka ile ya vitanzi vinne, vinavyozunguka mnara pande zote. Nikaiita kamba ya kuanikia nguo; mimi nataka ya fimbo moja iliyonyooka. Akauliza kama Mwalimu anachagua antena au fimbo ya uchifu. Watu walicheka kupita kiasi. Kura: fimbo yangu saba, vitanzi vitano. Nimeshinda kwa hoja, na kwa soda nilizowanunulia.

Jumatano, 3 Desemba
Ludovick hunywa uji barazani, mashariki ya kilima, macho mnarani. Nimemwagiza Petro, fundi wetu wa kupanda, afunge antena mashariki. Akauliza, si Bahi iko magharibi, mzee? Nikamweleza taratibu kwamba mawimbi ni kama maji ya korongo, hujua pa kupita. Akasema maji ya korongo nayo hugonga mwamba. Akapanda.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimepita kwa Ludovick makusudi. Uji umepoa mkononi mwake. Asubuhi njema sana.
Kongwa, mashariki, wananisikia vizuri mno. Bahi kimya. Nimeita mara thelathini. Nimesema ni unyevu.

Ijumaa, 5 Desemba
Dereva wa lori kaleta barua ya Yudith. Shikamoo Mwalimu, redio inakoroma tu, nina mama wa mapacha, maji yanakaribia daraja, semeni kama mpo.
Chakula kimenishinda. Nikaenda kwa Ludovick, nikakiri upande niliochagua, na sababu yake: aitazame kila anapokunywa uji. Nilingoja anicheke. Akasema tu, mtu mnene kanisani, Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe. Akavaa viatu, tukamtafuta Petro.

Jumamosi, 6 Desemba
Saa tatu asubuhi antena iko magharibi. Saa nne Yudith akasikika kama yuko jikoni kwetu. Gari la misheni limemvusha mama kabla ya maji kufunika daraja. Mapacha wa kike, wazima. Nimekula vizuri.

Jumapili, 7 Desemba
Klabu imekubali antena ya pili, kwa ajili ya Mtera, kusini. Kazi nimepewa mimi, kwa uzoefu wangu. Ila nasikia Ludovick anahamia kwa mwanawe, kaskazini ya kilima. Hapo upande unahitaji kufikiriwa kwa makini.
La kufanya leo, kabla ya kugusa dira: nenda uone baraza mpya ya Ludovick inatazama wapi.